Kubaki au Kurudi

Wivu wa Galen Stoltz ulianza na harufu. Alhamisi moja ya mwezi wa sita mkewe, Twyla, aliingia jikoni saa kumi na moja jioni akafungua jokofu kutafuta maziwa, na alipompita Galen pale mezani nywele zake zikanuka moshi wa dizeli. Jambo dogo, utasema. Mke wa mtu anayeshindana kuvuta mizigo kwa pikapu anuke nini, marashi? Lakini pikapu ya Galen ilikuwa imepandishwa juu ya magogo wiki ya pili hiyo, nozeli zake zote za mafuta nje, haijatoa moshi hata wa kumfukuza mbu. Sasa huo moshi wa nani?

Mwanamume mwenye akili timamu angeuliza. Galen hakuuliza. Alimaliza viazi vyake, akafuta mdomo, akatoka kwenda bandani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuitazama pikapu yake kama yenyewe ndiyo iliyomkosea. Alhamisi iliyofuata Twyla akaondoka tena baada ya chakula cha mchana. Na iliyofuata. Alhamisi ya nne Galen akapata kisingizio cha kwenda kununua boliti mjini, akapita njia ya mbali inayozunguka mashamba ya soya, na gari la Twyla akaliona limeegeshwa mbele ya banda la Orrin Beckdolt. Milango ya banda imefungwa. Mwezi wa saba, joto la kupasua kichwa, milango imefungwa!

Huyu Orrin alikuwa jirani yao, mgane wa miaka miwili, mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini inayowafanya wanawake wa kanisani wamsogelee kumsikia. Naye alikuwa na pikapu ya dizeli ya mashindano ya kuvuta, ingawa tangu mkewe afe hakuwa ameipeleka mashindanoni hata mara moja. Galen alipofika nyumbani aligundua hata hizo boliti hakununua.

Inabidi mjue kitu kimoja kuhusu Twyla, maana bila hicho mtamwona Galen ni mwendawazimu tu, na yeye alikuwa mwendawazimu nusu. Twyla alijua kusoma udongo. Asubuhi ya mashindano hutembea njia yote ambamo pikapu huvuta mzigo, futi mia tatu kwenda na mia tatu kurudi, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Huokota donge, hulifinyanga, hulinusa, halafu hutia chembe kidogo mdomoni na kuisaga kwa meno ya mbele. Ikikwaruza, kuna mchanga chini. Ikiteleza, ni mfinyanzi mtupu. Kisha hutema, hujifuta, humwambia mumewe vyuma vingapi vya uzito vitundikwe mbele, tairi zitiwe upepo kiasi gani, aanze na gia ya ngapi. Miaka kumi na tisa Galen alifanya anavyoambiwa, na rafu nzima ya sebule ilijaa vikombe. Watu walikuwa wakimtania wazi wazi: "Galen, wewe ni dereva tu. Anayevuta ni mkeo."

Alikuwa akicheka. Ndivyo alivyokuwa, akijivunia hata utani wenyewe. Sasa jiulize mtu wa namna hiyo anavyojisikia akiamini kuwa meno yale yanasaga udongo wa mtu mwingine. Kama angemkuta amekaa na Orrin kwenye baa wanakula pai, ingemuuma, sawa. Lakini hili la kumtengenezea pikapu hakuweza kulimeza.

"Unajua Orrin anarudi mwaka huu?" Deke alimwambia. Deke alikuwa mshindani wake na rafiki yake tangu shule ya msingi, mtu asiyeweza kuona kidonda bila kukitia kidole. Alikuja bandani kuazima jeki, akakaa saa nzima.

"Arudi asirudi, inanihusu nini?"

"Nasikia pikapu yake imefungwa tabo mpya ya kuongeza nguvu ya injini. Springi za nyuma kazibana kwa vyuma, hazichezi hata ukirukia. Nasikia ina mtu anayeielewa."

"Nani?"

"Mimi nitajuaje? Mimi nimekuja kuchukua jeki." Akatabasamu meno yote. "Ila ningekuwa na mke anayesoma udongo, bwana, ningemfungia ndani mwezi wa saba na wa nane."

Galen alimrushia tambara la mafuta. Deke akalidaka, akaondoka na jeki huku akicheka peke yake. Usiku huo Galen na mkewe walilala mzungu wa nne, yeye akisema mgongo unamuuma, Twyla akijibu haya, mto huu hapa.

Lakini kazi haina wivu, lazima ifanyike. Wiki ya mwisho kabla ya maonyesho ya kaunti waliimalizia ile pikapu pamoja, kama miaka yote. Jina lake Mtamba Mkorofi, limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Galen alirudisha nozeli, kubwa kuliko za mwaka jana. Alibana springi za nyuma kwa vipande vya chuma ili gari lisikae kitako likizidiwa, maana likikaa, ndoano ya kuvutia inashuka, na ndoano ikishuka umekwisha. Twyla alilala chali chini kwa nyuma na rula yake akapima ndoano.

"Inchi ishirini na tano na robo tatu," akasema kutoka kule chini.

"Sheria inaruhusu ishirini na sita."

"Najua sheria inaruhusu nini. Tairi zikipata joto zitafura, utafika ishirini na sita na kitu, watakutoa. Acha hapo hapo."

"Na wengine umewaachia ngapi?"

Rula ikatulia. Miguu ya Twyla, iliyokuwa inaonekana peke yake, nayo ikatulia.

"Wengine akina nani?"

"Basi tu. Nauliza."

"Ukitaka kuniuliza kitu, Galen, niulize kitu."

Hakuuliza. Jamani, mdomo ulikuwa wazi kabisa, swali liko kwenye ulimi, na yeye akaenda kutafuta spana namba kumi na tisa ambayo ilikuwa mfukoni mwake. Nilitaka kumpiga kofi, nasema kweli. Lakini Galen alikuwa anaogopa jibu. Aliona heri kuumwa na asichokijua kuliko kuumwa na anachokijua, na hapo ndipo alipojimaliza.

Jumamosi ya maonyesho kulikuwa na upepo mkavu kutoka magharibi. Harufu ya mahindi ya siagi na nyama ya nguruwe ya kuchoma imetanda, watoto wanavuta ndama wao kwenda kwenye majaji, na jukwaani watu wapata elfu mbili wamekaa wanajipepea kwa karatasi za ratiba. Kwa asiyewahi kuona: wanachovuta kinaitwa sleji, tela zito la chuma lenye sanduku la uzito juu yake. Pikapu ikiondoka, sanduku liko nyuma na mambo ni mepesi. Kadiri inavyokwenda ndivyo sanduku linavyopanda mbele, mpaka pua ya sleji inachimba udongo, pikapu inanyanyua kidevu, moshi mweusi unapanda mbinguni, na gari linakwama pale linapokwamia. Aliyefika mbali zaidi ndiye bingwa. Ukifika futi mia tatu umemaliza njia nzima. Ukiona ni upuuzi, kaa hapo kwenye uzio upigwe na ile ngurumo kifuani mara moja tu, halafu tuzungumze.

Twyla alitembea njia asubuhi. Galen alimtazama kutoka mbali akiinama, akifinyanga, akisaga, akitema. Akaja moja kwa moja.

"Juu pana unyevu, walimwagia maji alfajiri," akasema. "Chini kuna mchanga. Upepo huu ukiendelea, pikapu nne tano zikishapita, juu patapasuka na mchanga utatoka. Weka vyuma sita mbele. Upepo wa tairi ratili kumi na saba. Anza na gia ya tatu, na usikanyage mafuta mpaka uhisi uzito."

"Asante," Galen akasema, baridi kama mtu anayepokea barua ya posta.

Twyla akamtazama kidogo. "Galen, kuna kitu nataka..."

"Nenda, nenda. Nina kazi."

Akaenda. Na alikwenda wapi? Kwa Orrin. Galen alimwona mkewe amechuchumaa kwenye tairi la nyuma la pikapu ya Orrin, anapima upepo, na Orrin amesimama juu yake ameshika kifuniko cha vali ya tairi kama ameshika pete ya harusi. Vyuma akavitundika sita, kwa sababu hakuwa na namba nyingine kichwani, wala hakuwahi kuwa nayo.

Wakaitwa kuchota namba kutoka kwenye kopo la kahawa. Pikapu kumi na moja. Orrin akachota saba. Galen akaingiza mkono, akatoa moja.

"Pole, bwana!" Deke akamgonga begani. "Wewe ndiye panya wa majaribio."

Kuwa wa kwanza ni balaa, kila mvutaji anajua. Hakuna anayejua sleji imepangwa kuwa nzito kiasi gani siku hiyo, kwa hiyo wa kwanza anaipima kwa niaba ya wenzake. Ndiyo maana kuna kanuni ya kumwonea huruma: akishavuta, kabla hajafunguliwa mnyororo, mshika bendera humwuliza kama anabaki na umbali wake au anarudi kuvuta upya mwisho kabisa. Ukisema unarudi, ule umbali wa kwanza umefutwa, haupo tena. Na lazima useme hapo hapo, injini ikinguruma, huwezi kushauriana na mtu. Galen na Twyla walikuwa na ishara yao. Twyla husimama kwenye nguzo ya uzio iliyo mwisho wa njia. Kofia kichwani, baki. Kofia mkononi, rudi.

Bendera ya kijani ikashuka. Galen akaachia klachi taratibu, gia ya tatu, mguu mwepesi, akasubiri kama alivyoambiwa, na uzito ulipomfikia mgongoni akakanyaga. Mtamba akapiga kelele. Tairi zikang'ata ule unyevu, pua ikanyanyuka kidogo tu na vyuma sita vikaishusha, mia, mia mbili, mia mbili hamsini, usukani unamtetemekea mikononi, jukwaa zima limesimama. Halafu ikazama taratibu, ikafa.

Mshika bendera akaja dirishani. "Mia mbili tisini na nane na inchi mbili, Galen. Mzuri sana huo. Unabaki au unarudi?"

Galen akatazama nguzoni. Twyla alikuwa pale. Kofia ilikuwa kichwani, tena ameikandamiza kwa mikono yote miwili, ili asije akakosea kuiona. Na pembeni yake alikuwa Orrin. Akainama, akamnong'oneza Twyla kitu sikioni, kwa karibu sana, na Twyla akatikisa kichwa huku akicheka.

Kile kicheko, ndugu zangu! Galen akaelewa kila kitu kwa mara moja, na alichokielewa chote kilikuwa uongo. Anataka nibaki. Nimekosa futi mbili tu kumaliza njia, na sleji ni nyepesi, kila mtu nyuma yangu atamaliza, na huyu Orrin wa saba atamaliza kwa urahisi kuliko wote. Ameniwekea mtego, halafu wanacheka.

"Unabaki?" mshika bendera akauliza tena.

"Narudi," Galen akasema.

"Una uhakika?"

"Nimesema narudi!"

Spika za uwanjani zikatangaza kuwa Mtamba Mkorofi ameacha umbali wake na atavuta wa mwisho. Galen hakutazama tena nguzoni. Aliendesha hadi mwisho wa foleni, akazima injini, akabaki ndani ya pikapu amevaa helmeti mpaka jasho likamwingia machoni.

Wa pili akafika mia mbili themanini na saba. Wa tatu, mia mbili themanini na tisa. Galen akavua helmeti. Wa nne alikuwa Deke, mia mbili tisini na moja, na kuanzia yeye vumbi likaanza kuonekana chini ya tairi. Wa tano akachimba mchanga akaishia mia mbili sabini. Wa sita hata huko hakufika. Juu palikuwa pamepasuka, sawasawa na alivyoambiwa.

Hakuna aliyefika hata mia mbili tisini na tano. Galen alikuwa anahesabu. Akasimama kwenye ngazi ya pikapu kutazama nguzoni. Orrin alikuwa pale, peke yake, amekunja mikono. Pikapu yake tayari imeshafungwa mnyororo kwenye sleji na inanguruma.

Kama Orrin yuko uzioni, anayeendesha nani?

"Wa saba," mtangazaji akasema, "pikapu ya Orrin Beckdolt, ambaye mgongo wake umestaafu kabla ya yeye mwenyewe. Kwenye usukani, kwa mara yake ya kwanza kabisa, yule mliyempigia makofi miaka yote akiwa anatembea hapa anakula udongo wetu: Twyla Stoltz!"

Jukwaa likalipuka. Galen akashika mlango wa pikapu yake. Miaka sita iliyopita Twyla aliwahi kumwambia, mbele ya Deke na wengine, kwamba angependa kujaribu kuvuta mara moja. Galen alicheka akasema, na udongo atasoma nani? Kila mtu akacheka. Hakusema tena, na Galen akadhani ameshasahau.

Twyla aliondoka vizuri kuliko mwanamume yeyote siku ile. Hakupita mle walimopita wengine. Alikaa kushoto kabisa, kwenye ukanda mwembamba ambao hakuna tairi lililokuwa limeugusa, na pikapu ikaenda nao kama imeshikwa mkono. Galen alimfuata kwa macho na moyo wake ukafanya mambo mawili kwa pamoja. Alitaka afike. Alitaka akwame. Alimwonea wivu Orrin kwa kumpa usukani, akamwonea wivu Twyla kwa mguu ule mwepesi, na akailaumu mpaka ile pikapu kwa kumtii. Moshi ukapanda, pua ikanyanyuka, ikakwama.

"Mia mbili tisini na sita na inchi nne! Anaongoza!"

Galen akakaa kitako kwenye ngazi ya pikapu. Mia mbili tisini na sita. Yeye alikuwa na mia mbili tisini na nane, ameishika mkononi, na ameitupa. Ikamwingia polepole: Twyla alijua kuwa atavuta baada yake. Alijua umbali ule hautavunjwa na mtu, hata na yeye. Na alikandamiza kofia kwa mikono miwili.

Wanne waliomfuata Twyla hawakumkaribia, na zamu ya mwisho ya Galen hata haifai kusimuliwa. Alivuta kama mtu anayekimbia nyuki, akakanyaga kabla ya uzito kufika, akachimba shimo kwenye mchanga. Mia mbili themanini na moja. Mshika bendera alimfungua mnyororo.

Alimkuta Twyla nyuma ya mizani ya kupimia pikapu, amekaa kwenye mlango wa nyuma wa pikapu ya Orrin, helmeti mapajani, nywele zimemganda kwa jasho. Orrin alipomwona Galen anakuja, akasema anakwenda kutafuta maji ya limau yenye barafu, akaondoka.

"Mbona hukuniambia?" Galen akaanza.

"Nilitaka kukuambia asubuhi. Ukasema una kazi."

"Wiki zote hizo, Twyla!"

"Wiki zote hizo nilitaka kitu kimoja ambacho wewe hujakitolea maoni." Akapangusa uso kwa mkono wa koti. "Orrin alikuwa ananifundisha klachi. Kuendesha ile ni kugumu, hukuwahi kuniambia ni kugumu hivyo."

Galen akauliza: "Pale uzioni alikunong'oneza nini?"

"Mpaka sasa unauliza hilo?" Twyla akasema. "Alisema, ukimwambia abaki umejishinda mwenyewe. Nikamwambia basi nimeshindwa, huyo ni mume wangu, nitamdanganyaje?"

Galen akatazama chini.

"Nilidhani unamtakia Orrin ashinde," akasema.

"Najua ulivyodhani. Watu elfu mbili wamekuona ukidhani."

Mtangazaji alikuwa anaita washindi waje wapigwe picha. Twyla akateremka, akaweka helmeti ndani, akajikung'uta suruali. Kila mwaka, baada ya kuvuta, haijalishi wameshinda au wameshindwa, huanza kuzungumza juu ya uwanja unaofuata kabla hata hawajaondoka. Safari hii hakuutaja, na Galen akashindwa kuvumilia.

"Jumamosi ijayo," akasema, akijitia kawaida, "kule uwanja wa mtoni. Tuweke vyuma vingapi mbele?"

"Muulize unayemwamini," Twyla akasema, akampita kwenda kwenye picha.

Galen akageuka, akatazama wavutaji wote waliojaa pale na pikapu zao, Deke, mshika bendera, watu aliowafahamu tangu utotoni. Hakuona hata mmoja wa kumuuliza.